Wizi wa dhahabu kwenye treni, 1855: kwa nini filamu imempa bwana mkubwa kazi iliyofanywa na wafanyakazi wa reli?

#1 MtaaWaMakole
Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi kikundi chetu cha kutazama filamu za zamani hapa Dodoma kilitazama "The First Great Train Robbery", iliyotoka mwishoni mwa mwaka 1978. Michael Crichton aliiongoza mwenyewe kutokana na riwaya yake ya mwaka 1975. Sean Connery ni Edward Pierce, bwana mtanashati anayekaa meza moja na wakubwa wa benki huku akipanga kuwaibia. Donald Sutherland ni Agar, fundi wa funguo. Lesley-Anne Down ni Miriam, anayebadilika sura kila kazi inapodai. Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Baadaye nilisoma habari za wizi wenyewe, uliofanyika usiku wa 15 Mei 1855 katika treni iliyotoka stesheni ya London Bridge, jijini London, kwenda bandari ya Folkestone. Zilichukuliwa takriban kilo 102 za dhahabu, zenye thamani ya kama pauni 12,000 za wakati ule. Hapo ndipo swali langu lilipozaliwa. Wezi walikuwa wanne: William Pierce, Edward Agar, William Tester aliyekuwa karani wa kampuni ya reli, na James Burgess aliyekuwa gadi. Yaani nusu ya genge ilikuwa inalipwa mshahara na reli yenyewe. Hakuna aliyekimbia juu ya paa la treni. Katika filamu, Tester hayupo kabisa, na ushujaa wote amepewa bwana mmoja mwenye kofia ndefu.

Hoja yangu ni kwamba filamu imewapora wafanyakazi wa reli wizi wao na kumkabidhi tajiri. Naomba tujadili kwa nini.

#2 Kibaigwa_Sokoni
Mkuu, mimi nilidhani huu ndio ule wizi maarufu ambao serikali ya Uingereza iliwafunga watu miaka 30, na mmoja wao akatoroka akaenda kuishi Brazil. Katika wizi huo walimsimamisha dereva kwa taa bandia na kumpiga kichwani. Hiyo si vichekesho hata kidogo.

#3 Mwl_Ipagala
Huo ni mwingine, mkuu #2. Unaousema ulitokea tarehe 8 Agosti 1963, waliiba zaidi ya pauni milioni 2.6 za noti, na ilikuwa treni ya posta. Huu wa 1855 umeutangulia kwa zaidi ya miaka 100, na hakuna aliyeguswa hata kwa kofi. Tofauti hiyo ni sehemu ya jibu la #1. Ukitaka kuwachekesha watu kwa habari ya wizi, lazima utafute wizi usio na damu, na wa 1855 unafaa kwa sababu wenye mali hawakujua wameibiwa hadi masanduku yalipofunguliwa Paris.

Nadhani Crichton hakumchukia mfanyakazi wa reli. Aliona tu kwamba vichekesho vinahitaji mtu mmoja wa kumfuata kwa macho toka mwanzo hadi mwisho. Ukiwa na makarani wawili watatu wanaoviziana ofisini, unapata tamthilia ya utumishi wa umma.

#4 GadiMstaafu_DOM
Vijana, hamjambo. Nimefanya kazi ya ugadi kwenye reli ya kati miaka mingi, kwa hiyo uzi huu umenigusa.

Mtu asiyejua kazi ya gadi anadhani ni mtu wa kupunga bendera na kupiga filimbi. Behewa la gadi ndilo roho ya treni ya zamani. Ndani yake mna breki ya mkono, taa, bendera, kitabu cha safari kinachoandikwa saa ya kila stesheni, na mizigo inayosafiri kwa jina la reli na si kwa jina la mwenye mali. Kifurushi kikiingia kwangu Dodoma, ninatazama lakiri, ninapima kwa mkono, ninatia saini. Kuanzia hapo hadi Morogoro, hakuna binadamu mwingine anayejua kinachoendelea ndani ya behewa lile. Ukimpata gadi umeipata treni. Burgess alilijua hilo, na Pierce alilijua kwa sababu naye aliwahi kuwa mtumishi wa reli hiyohiyo.

Kwa hiyo ninakubaliana na #1. Wizi ule ulipangwa na watu wanaojua zamu, stesheni na tabia ya wakubwa wao. Hata Tester kazi yake ilikuwa kuhakikisha Burgess yupo zamu usiku ambao dhahabu ni nyingi. Hilo halionekani kwenye filamu kwa sababu watu wa filamu hawaoni kazi kama kitu cha kuonyesha.

#5 MamaNzuguni
Shikamoo Mzee Gadi. Nakuongezea jambo moja halafu nakupinga moja.

Nakuongezea kwamba filamu haikumfuta gadi. Burgess yumo, ameigizwa na Michael Elphick, na anahongwa. Kilichobadilishwa ni mlango: wakubwa wanapoingiwa na wasiwasi, wanaamuru behewa lifungwe kwa kufuli kutoka nje, kwa hiyo gadi aliyehongwa hana msaada tena, na ndipo Pierce analazimika kupita juu ya mabehewa ili akalifungue. Paa limeingizwa ili kumpunguza gadi.

Ninachokupinga ni sababu. Mimi nadhani filamu ilimkimbia Fanny Kay. Huyu alikuwa mwanamke aliyewahi kuhudumu katika stesheni ya Tonbridge, akazaa na Agar. Agar alipokamatwa kwa kosa jingine la hundi ya kughushi na kuhukumiwa kupelekwa uhamishoni maisha, alimwachia Pierce fedha za kumtunza mwanamke na mtoto. Pierce akazila. Fanny akaenda kwa mkuu wa gereza la Newgate akaeleza yote, na Agar alipoulizwa naye akageuka shahidi wa upande wa mashtaka. Genge zima lilianguka kwa sababu mwanamume mmoja alikataa kutoa matunzo ya mtoto asiye wake, kwa fedha zisizo zake.

Sasa mniambie, ukiweka hilo ndani ya filamu, nani atacheka tena? Nani atampenda Connery? Ndiyo maana wametuletea Miriam, mrembo asiye na mtoto, asiye na njaa, na asiyedhulumiwa.

#6 Chang'ombe_Boy
Dada #5 umepiga kwenye mshipa. Lakini wote mnasahau kwamba filamu ni picha inayotembea. Sisi tuliokulia kwenye mabanda ya video, ambako mtafsiri anapaza sauti kuliko waigizaji, tunajua mahali watu wanaposimama kwenye mabenchi. Hawasimami karani anapochukua ufunguo kwenye kabati. Wanasimama mtu anapokimbia juu ya treni na daraja linakuja.

Na pale hapakuwa na mtu wa kumwakilisha. Connery alikuwa anaelekea miaka 50 na alikimbia mwenyewe juu ya mabehewa. Treni ilipangwa iende maili 35 kwa saa, lakini ilibainika baadaye kuwa ilipita 50, yaani kilomita 80 na zaidi, tena ni treni ya mvuke inayotupa moshi na cheche usoni. Waliipiga Ireland, na ile stesheni mnayoiona kama London Bridge ni Heuston ya Dublin. Mtazameni anapoinama chini ya daraja: koti limejaa upepo, mikono inatafuta pa kushika, na uso umeungua kwa masizi. Hilo ndilo jibu la #1. Paa lipo kwa sababu paa linapendeza.

#7 GadiMstaafu_DOM
Sawa kijana wangu, lakini treni ya mvuke haiendi kama daladala. Behewa linayumba kwa pande mbili, na kwenye kona paa linalala upande mmoja. Nimewaona vijana wakipanda juu kukwepa nauli tukiwa tunatoka Gulwe, na sikuwahi kuona hata mmoja akisimama wima kwa dakika nzima. Walikuwa wanalala kifudifudi. Connery namheshimu.

#8 Kibaigwa_Sokoni
Mzee, na kwenye SGR, treni yetu mpya ya umeme, Pierce angeweza?

#9 GadiMstaafu_DOM
Hapana. Ile inaenda hadi kilomita 160 kwa saa, na juu yake kuna waya wa umeme wa kilovolti 25. Angekufa kabla hajafika behewa la pili. Turudi kwenye mada.

#10 Sheria_UDOM
Habari zenu. Nasoma sheria, na mjadala huu una upande ambao haujaguswa: adhabu.

Kesi ilisikilizwa Old Bailey, mahakama ya jinai ya London, kuanzia tarehe 13 Januari 1857. Burgess na Tester walihukumiwa kupelekwa uhamishoni kwenye koloni za mbali kwa miaka 14. Pierce, ambaye ndiye aliyebuni mpango wote na ndiye aliyemdhulumu Fanny Kay, alipata miaka 2 ya kifungo na kazi ngumu. Sababu ni kwamba wale wawili walikuwa watumishi wa kampuni iliyoibiwa, na sheria ilihesabu wizi wa mtumishi kuwa kosa zito zaidi, ilhali Pierce wakati huo alikuwa ameshaacha kazi ya reli, kwa hiyo alikuwa mwizi wa kawaida tu. Jaji alimkemea vikali, lakini mikono yake ilifungwa na sheria. Kwetu pia Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, zinautenga wizi wa karani au mtumishi na kuupa adhabu kali kuliko wizi wa kawaida.

Sasa linganisheni na filamu. Pierce wa filamu anasimama mahakamani, anaulizwa kwa nini alifanya kitendo kile, anajibu kwamba alitaka fedha, watu wanaangua kicheko, kisha anatoroka huku umati ukimshangilia. Kwa kweli hakutoroka mtu. Mimi naona mtunzi alitazama hukumu ile ya ajabu, ambayo bwana anatoka na miaka 2 na mtumishi anabeba 14, akaamua kuimalizia njia iliyokwisha kuanza, yaani bwana asiadhibiwe kabisa. Filamu haikubuni upendeleo huo, iliukuta mahakamani.

#11 MtaaWaMakole
Asante sana #10. Hilo la miaka 2 kwa 14 linaimarisha hoja yangu, ingawa wewe unalipeleka kwingine. Vipi kuhusu fedha za askari wa vita vya Crimea? Filamu inasema dhahabu ilikuwa mishahara ya jeshi, pauni 25,000.

#12 Mwl_Ipagala
Vita vya Crimea vilikuwepo kweli, 1853 hadi 1856, lakini dhahabu ile ilikuwa mali ya wafanyabiashara wa London ikipelekwa Paris kupitia Boulogne, bandari ya Ufaransa. Haikuwa ya jeshi. Nadhani badiliko hilo lina maana kubwa kuliko paa. Ukiiba mali ya mfanyabiashara, kuna mtu mmoja anayelia, na mtazamaji anaweza kumhurumia. Ukiiba fedha za serikali iliyo vitani, hakuna uso wa kuhurumia. Kila anayetazama anajiona yuko upande wa mwizi bila kuona aibu.

#13 MamaNzuguni
Mwalimu, askari wasiolipwa mshahara hawana uso?

#14 Mwl_Ipagala
Wanao, dada. Nasema kamera haikuwaonyesha.

#15 Dhahabu_Chunya
Salaam. Mimi ni mnunuzi mdogo wa dhahabu, nipo Dodoma kwa sasa, na nimesoma uzi wote nikingoja mtu azungumzie mzani. Hakuna.

Wezi walitoa dhahabu wakajaza chembe za madini ya risasi, zile za kuwindia ndege, ili uzito usibadilike. Hesabu yake ni hii. Kilo 102 za dhahabu zinakaa katika lita 5 na robo hivi, yaani ndoo ya lita 10 haijai. Kilo hizohizo za risasi, zikiwa pande moja, zinahitaji lita 9. Zikiwa chembe za mviringo zenye nafasi kati yake, zinafika karibu lita 14. Maana yake wezi waliingia na mzigo mkubwa kwa umbo kuliko waliotoka nao, wakati watu wote wanadhani ni kinyume chake. Walibeba kwenye mabegi ya zulia na mifuko ya ngozi waliyovaa chini ya makoti, na mpagazi wa stesheni aliyainua mabegi hayo kwa mikono yake bila kushtuka.

Na mzani haukudanganyika. Masanduku matatu yalipopimwa Boulogne, moja lilikuwa jepesi kwa kama ratili 40 na mengine mawili mazito kidogo. Karani akaandika, masanduku yakaendelea na safari. Kwenye biashara yetu, ukipima ukaona tofauti halafu ukaandika tu na kunyamaza, umeshaingia kwenye wizi hata kama hukula senti. Lakini kuandika huko ndiko kulikoonyesha kwamba wizi ulifanyika upande wa Uingereza, kwa sababu uzito wa Boulogne na wa Paris ulilingana. Kampuni ya reli iliendelea kukana muda mrefu.

Filamu imekosa hapo kichekesho kikubwa kuliko vyote: Waingereza wanasema ni Wafaransa, Wafaransa wanasema ni Waingereza, na karatasi yenye jibu ipo mezani.

#16 Chang'ombe_Boy
Mkuu #15, filamu haikukosa vichekesho. Lile jeneza umelisahau? Agar anapakwa rangi afanane na maiti, analazwa humo pamoja na paka aliyekufa ili anuke, Miriam analia pembeni kama dada wa marehemu, na jeneza lina kengele ya kupigwa ikiwa marehemu ameamka. Kengele ikalia! Maofisa wakataka lifunguliwe, wakapata ile harufu, wakalifunga wenyewe haraka. Sijacheka hivyo siku nyingi.

#17 GadiMstaafu_DOM
Hilo ndilo tukio la kweli kuliko yote, ingawa ni la kubuni. Jeneza likiletwa stesheni, hakuna mtu wa reli anayetaka kulikagua. Kila mtu anavua kofia na kutazama pembeni. Aliyeandika tukio lile anajua watu.

#18 Fundi_Makufuli_Majengo
Naomba nami niseme la ufundi. Katika filamu kuna funguo nne, mbili ziko kwa wakubwa wa benki, na mbili zinapigwa chapa kwenye nta ndani ya ofisi ya stesheni katika sekunde 75 ambazo mlinzi hayupo. Kwa kweli kila kasha la chuma lililobebea masanduku ya dhahabu, na yalikuwa ya kampuni ya Chubb, lilikuwa na matundu mawili ya funguo. Chapa ya ufunguo wa kwanza ilipatikana kwa msaada wa Tester, makasha yalipokuwa yamepelekwa kurekebishwa vitasa. Wa pili ulikuwa Folkestone. Ili ajue unakaa wapi, Agar alijitumia mwenyewe sanduku la fedha kwa jina la uongo, akaenda kulichukua, akasimama kaunta akitazama karani anautoa ufunguo kwenye kabati gani. Siku nyingine makarani walipotoka kwenda kupokea meli gatini, wao wakaingia.

Lakini kazi haikuishia hapo, na hili linanigusa. Ufunguo uliotokana na nta haufungui siku ya kwanza. Agar alisafiri mara kadhaa ndani ya behewa la Burgess akiujaribu, anauvuta, anatazama ulipokwaruza, anapiga tupa kidogo, anarudia. Kufuli nzuri husema na fundi kwa namna hiyo, kwa alama ya kung'aa isiyozidi unene wa unywele. Safari baada ya safari mtu anapiga tupa ndani ya behewa linaloyumba, na gadi anamwangazia taa. Crichton alikuwa amesomea udaktari kabla ya kuandika vitabu, naamini alielewa kabisa thamani ya kazi ya mikono. Alichokosa ni muda. Miezi ya tupa haiingii kwenye filamu ya saa mbili, kwa hiyo akaibana ikawa sekunde 75. Msimtafutie dhambi ya kitabaka mtu aliyebanwa na saa.

#19 MtaaWaMakole
Fundi, nakuheshimu, lakini muda haumlazimishi mtu kumfuta Tester. Pale stesheni ya Redhill, njiani, Tester alipokea begi la dhahabu akarudi nalo London, akahakikisha anaonekana na watu usiku uleule. Hilo ni tukio la nusu dakika, na linasisimua.

#20 Sheria_UDOM
Kuna mtu mmoja zaidi ambaye hamjamtaja, na kwangu anavuruga kila nadharia iliyotolewa hapa. Dhahabu ilipoyeyushwa nyumbani kwa Agar, mtaa wa Shepherd's Bush, London, mnunuzi wake mmoja alikuwa James Townsend Saward. Huyu alikuwa wakili wa mahakama za juu, mtu wa joho, na kwa siri alikuwa mkuu wa waghushi hundi wa London. Mwaka 1857 naye alihukumiwa uhamisho wa maisha.

Kwa hiyo bwana mkubwa wa kweli alikuwepo. Kama filamu ilitaka tajiri mwenye sura mbili, alikuwa tayari kwenye kumbukumbu za mahakama. Kwa nini basi wakamvisha Pierce koti lile na kumwacha Saward nje?

#21 MamaNzuguni
Kwa sababu Saward hakupanda treni. Alikaa kwake akingoja vijana wamletee.

#22 Mwl_Ipagala
Au kwa sababu wakili mwizi asingemshangaza mtazamaji yeyote. (Samahani #10, ukihitimu utatusamehe.)

#23 Dhahabu_Chunya
Au kwa sababu mnunuzi hapigwi picha popote. Hata kwetu, mchimbaji mdogo anakamatwa na gramu 20, na aliyekuwa akimngojea mjini hatajwi.

#24 GadiMstaafu_DOM
Sheria_UDOM, hebu nitafutie jambo moja kwenye kumbukumbu hizo za Old Bailey: Burgess alijitetea kwa kusema nini? Nataka kujua kama aliulizwa habari za mshahara wake. Na #1, mkitazama tena filamu hiyo nipeni taarifa mapema, nije na kitabu changu cha safari niwaonyeshe ukurasa wa mizigo ya thamani ulivyokuwa unajazwa.

#25 MtaaWaMakole
Mzee, Jumamosi ijayo saa 10 jioni, mahali palepale Makole. Fundi wa makufuli naye aje na tupa.